Andika Alivyosema

Wete, Mahakama ya Kadhi, Jumanne, saa nne na ushei.
Mimi karani. Nimekuja na vidole tu,
ulimi nimeuacha nyumbani.
Feni inazunguka kama inayodaiwa.

Mdai: Mize Hamad, mshoni wa sare za skuli, Limbani.
Mdaiwa: Shaame Kombo, muuza vipuri vya pikipiki, Konde.
Mtoto mmoja, Thuwaiba, miaka minane kasoro mwezi.
Talaka haibishaniwi. Ilishatoka,
ikaandikwa, ikapigwa muhuri, ikaingia droo ya chini.
Kinachobishaniwa kimekaa kwenye benchi la nje,
kinabembeza miguu isiyofika sakafuni.

Shaame kaja na bahasha.
Ada ya madrasa. Viatu vya Idi. Madaftari dazani.
Kila karatasi anailaza mezani taratibu
kama mtu anayetandika kitanda asichokilalia tena.
"Mheshimiwa, mimi sikumkimbia mwana. Nilikimbia kelele."

Mize hana bahasha.
"Usiku wa pumu," anasema, "hautoi risiti.
Nani kanipa stakabadhi ya kukaa macho?"
Kisha ananyamaza, anavuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa baibui,
anauvuta mpaka pindo linaanza kufumuka,
naye fundi, na halioni.

Kadhi hakuuliza nani alikosa.
Aliuliza: skuli iko mbali gani na mlango wako?
Mwalimu wake nani?
(Jina walilitaja wote wawili kwa pamoja,
wakatazamana, kisha kila mmoja akatazama kwake.)
Akirudi na kiu, nani atakuwepo?
Wewe Shaame, mke mpya ameulizwa?
Wewe Mize, kaka zako wakimsema baba yake mbele yake,
unawanyamazisha?

Nimeandika: mdaiwa alikohoa.
Nimeandika: mdai hakujibu.

Walipoachana wangu, nilikuwa sawa na huyu.
Sikuulizwa. Nilipakiwa pamoja na magodoro.
Lakini hayo hayamo kwenye jalada.

Wazee wakatolewa, mtoto akaingizwa.
Kadhi akasogeza kiti upande wa pili wa meza.
Hakumuuliza unampenda nani;
swali hilo lina meno, nimeliona likitafuna wengine.
Alisema tu: "Unataka tujue nini?"

Thuwaiba akafikiri, akakuna goti.
"Kwa mama kuna ukuta wa penseli.
Baba alikuwa akinipima kila Idi.
Sasa kwa baba kuna mwimo wa mlango, na penseli nyingine,
imeanzia hapa," akagusa kifua,
"chini yake hapana kitu.
Kama kwamba kwa baba sikuwahi kuwa mdogo."

Vidole vikasita.
Hili niliingize wapi? Hadhana? Matunzo? Maslahi ya mtoto?
Kadhi, bila kunitazama:
"Andika alivyosema."

Basi uamuzi ukawa hivi, nami ndiye niliyeuchapa:
siku za skuli alale kwa mama.
Ijumaa baada ya sala baba amchukue,
Jumapili amrudishe kabla ya magharibi.
Idi hii huku, Idi ile kule.
Pesa za matunzo zipitie mahakamani,
zisipitie mfukoni mwa mtoto.
Asibebeshwe salamu zenye miiba.
Pampu ya pumu ifuatane naye, na ya pili ikae Konde.
Na kifungu cha mwisho, ambacho sijapata kukichapa
tangu nikalie kiti hiki:
mdai amruhusu mdaiwa kunakili alama za ukutani,
zote, tangu ya kwanza.

Muhuri uligoma, nikaupiga mara ya pili.

Varandani walisimama mbalimbali,
mtoto katikati akihesabu vigae.
Mize akafungua mkoba, akatoa futi yake ya kushonea,
ile ya njano, imechakaa kwenye nambari za mwanzo,
akampa Shaame bila kumtazama usoni.
"Anzia chini," alisema.
"Na uirudishe."